Mfungwa wa Soda na Aiskrimu

Kama gazeti la wiki jana liliishia kufungia vitunguu kabla hujalisoma, usihangaike kulitafuta. Nitakukumbusha kwa ufupi, maana hata mimi mwenyewe sipendi kuyarudia.

Mume wangu, dereva wa lori, aliniomba nikamuuguze mama yake "siku mbili tatu tu." Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu, na mtaa mzima unamwita Mama Mkunga. Alikuwa ametoka kupasuliwa koo. Akawa hasemi ila kwa kunong'ona, hali, hanywi. Ukimpa uji anausukuma, ukimpa supu anageukia ukutani. Watu wakaanza kuulizana kwa macho.

Mimi kabla ya kuolewa nilikuwa nauza vinywaji kwenye kibanda mbele ya kituo cha treni. Nikamtengenezea kile ninachokijua: sharubati ya nanasi, maji ya soda, bonge la aiskrimu juu. Akanywa. Akamaliza. Akalamba na kijiko.

Nyumba nzima ikashangilia, na mimi nikashangilia kuliko wote. Kumbe nilikuwa nashangilia kifungo changu.

Tangu siku hiyo hakugusa kingine chochote, wala hakupokea glasi kutoka mkono wa mtu mwingine. Siku mbili tatu zikazaa miezi. Na wifi yangu, dada wa mume wangu, msimamizi wa ghala ambaye moyoni namwita Kamanda, akaanza kulifunga geti kwa kufuli na kutembea na ufunguo.

Wiki jana niliishia pale simu ilipolia asubuhi, nikiwa jikoni namenya nanasi. Alikuwa mdogo wangu. Mimba yake ilishatimiza miezi tisa.

"Dada, kiuno kinaniuma."

"Kinauma vipi?"

"Kinauma, kinaacha. Halafu kinarudi."

Kisu kiliniponyoka kikaangukia kwenye sinki.

Huyu mdogo wangu nimemlea mimi. Mama yetu aliingia leba kumleta yeye. Yeye akatoka, mama hakutoka. Alipopata mimba aliniomba kitu kimoja tu: siku ya kujifungua niwepo. Mumewe ni mwanajeshi, yuko kambini. Nikamwahidi. Nikaapa kabisa, kwa kaburi la mama.

"Nakuja," nikamwambia.

"Unakuja lini? Kila siku unasema unakuja."

"Leo. Na kikizidi usinisubiri, nenda hospitali. Si iko mtaa wa pili tu hapo?"

"Naogopa kwenda peke yangu, dada."

Nilifuta mikono kwenye kanga nikaenda sebuleni. Ilikuwa Jumamosi, Kamanda haendi kazini. Nilimkuta anapiga pasi sare zake, kila mkunjo umenyooka kama mstari wa rula.

"Wifi, mdogo wangu ameshikwa na uchungu. Naomba unifungulie geti."

Hakuinua macho. "Mama amekunywa?"

"Bado."

"Na mchana atakunywa nini? Na jioni? Na kesho?"

"Wifi, yule hana mtu."

"Na mimi nina nani?" Akaiweka pasi wima. "Ufunguo huu hapa. Chukua, nenda. Lakini mama akifa kwa njaa, jeneza utalibeba wewe na huyo mdogo wako."

Akauweka ufunguo mezani, karibu kabisa na mkono wangu. Ulikuwa ufunguo mdogo tu, wa shaba. Sikuweza kuugusa.

Nikampigia mume wangu. Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inanguruma.

"Mdogo wangu anajifungua, na dada yako hataki nitoke."

"Mke wangu, vumilia kidogo."

"Uvumilivu wenyewe umeniomba likizo! Nifanyeje mimi?"

"Usilie. Niachie mimi, nitaona la kufanya."

Wenye waume wa namna hii mnanielewa. Mume wangu akisema ataona la kufanya, ama hatafanya kitu, ama atafanya kitu ambacho ingekuwa heri asingekifanya.

Nilirudi sebuleni. Nilikuwa nimefika mwisho wa kamba, na mtu aliyefika mwisho wa kamba hachagui maneno.

"Wifi, njoo nikufundishe."

"Unifundishe nini?"

"Kuitengeneza. Mama akinywa ya mkono wako, mimi naondoka. Asiponywa, nabaki."

Akachomoa pasi.

Basi tukaingia jikoni, mimi na Kamanda, kwa mara ya kwanza bega kwa bega.

"Nanasi haliwekwi bichi," nikamwambia. "Bichi likikutana na maziwa linatoa uchungu. Lazima lichemke kwanza na sukari, lilainike, lichujwe, lipoe."

"Bichi lina vitamini zaidi."

"Lina uchungu zaidi, wifi."

Akabetua midomo. Nikamwonyesha aiskrimu niliyoipiga mwenyewe kwa maziwa na krimu, nikaigandisha, nikaikoroga, nikaigandisha tena. Nikatoa glasi ndefu kwenye friza, imefanya ukungu. Sharubati chini. Kijiko kimoja cha aiskrimu ndani yake, ukoroge mpaka iwe uji uji. Halafu unainamisha glasi, unamimina soda kwa ubavuni, taratibu, kama unamnywesha mtoto dawa. Mwisho bonge la aiskrimu juu, na tone la soda la kuamsha povu.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hiyo tu."

Akanyakua chupa akamimina kama mtu anayezima moto. Povu lilipanda likamwagika mezani, likatiririka hadi kwenye viatu vyake. Nikauma mdomo nisicheke. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa anauma wake. Tulitazamana, na kwa sekunde moja nikaona sura ambayo sikuwahi kuiona, sura ya msichana aliyewahi kuwa na rafiki.

Kisha ikafungwa, kama geti.

"Tena," akasema.

Ya pili ilikuwa nzuri. Nasema kweli, hata pale kibandani ingeuzwa. Povu limekaa juu kama kofia, rangi ya nanasi chini inang'aa. Kamanda akaibeba kwa mikono miwili hadi chumbani. Mimi nikabaki mlangoni, nimejibana kwenye fremu, naomba.

Mama Mkunga alikuwa amelala chali, shuka hadi kidevuni. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Akaisukuma.

"Huu si mkono wa mke wa mwanangu," akanong'ona.

Kamanda akatoka na glasi yake. Alipita karibu yangu. Nikaona sikio lake limekuwa jekundu.

Sikukubali. Nikamwambia: "Ngoja. Natengeneza mimi, unapeleka wewe. Hatajua."

Nikatengeneza mimi kwa mkono ule ule wa kila siku. Akapeleka yeye.

"Huu si mkono wa mke wa mwanangu," akanong'ona Mama Mkunga.

Hapo nikasimama. Akili yangu ikaanza kupiga hesabu yake. Nikaichukua ile glasi iliyokataliwa mwanzo, aliyoitengeneza Kamanda na ambayo ilikuwa imeanza kuzimika povu, nikaipeleka mimi.

Akanywa yote. Akalamba na kijiko.

"Mungu akubariki, mwanangu," akanong'ona. "Hii ndiyo yenyewe."

Mlangoni Kamanda alikuwa ameona kila kitu. "Unaona?" akaniambia. "Si kinywaji. Ni mimi. Hanitaki mimi." Akageuka akaenda uani kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Lakini mimi nilikuwa naona kingine. Mtu mwenye koo bovu anachagua kinachopita kooni, hachagui anayeleta sinia. Kuna namna hapa, nikajiambia.

Simu ikalia tena. Mdogo wangu alikuwa hasemi, anapumua tu. Halafu: "Dada, shemeji ame..." Ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nilihisi kuta zinanisogelea.

Nilirudi kuchukua glasi tupu. Kwa haraka niliyokuwa nayo, sikubisha hodi.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Mama Mkunga, mgonjwa wangu, ambaye kila asubuhi namshika kwapani kumpeleka bafuni hatua kwa hatua, alikuwa amesimama wima nyuma ya mlango wa kabati. Mkono mmoja mkate, mkono mwingine paja la kuku. Mashavu yote mawili yamejaa.

Tukatazamana.

Alitafuna mara moja. Akasimama. Akaona haina maana, akaendelea kutafuna.

"Funga mlango," akasema. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti nene, nzima, ya mtu aliyezoea kuamrisha wanawake wasukume.

Nikaufunga. Nikakaa kitandani.

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili. Koo lilipona vizuri tu."

"Na chakula?"

"Jirani ananipitishia dirishani mkiwa jikoni. Usimtaje."

"Mimi nimefungwa humu miezi yote hii!" Nilitaka kupiga kelele, ikatoka kama mluzi. "Nimekesha nachuja sharubati, nikiamini nikikosea kidogo unakufa! Nimekukosea nini, mama?"

Akaweka mkate chini. Akaja kukaa karibu yangu, kitanda kikalia.

"Hujanikosea. Ndiyo maana." Akafuta mikono kwenye shuka. "Unajua kabla hujaja nilikuwa naishi vipi? Yule binti yangu akienda kazini ananifungia humu chumbani. Ufunguo kwa nje. Anasema ni kwa usalama wangu. Nimepokea nusu ya watu wa mtaa huu kwa mikono hii, leo nafungiwa kama kuku anayeatamia. Ulipokuja wewe, akauacha mlango wazi ili upite na glasi zako. Nikaona sebule. Nikaona watu dirishani. Nikapata mtu wa kucheka naye. Nikajiambia, nikipona anaondoka, akiondoka mlango unafungwa. Basi nisipone."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini haikujua tena imuangukie nani.

"Mama, mdogo wangu anajifungua leo. Yuko peke yake. Mama yetu alifia hapo hapo, kwenye kumzaa yeye."

Uso wake ulibadilika. Uzee wa kuigiza ukamwondoka, nikamwona mkunga.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia wifi, nikadhani amekwambia."

"Hakuniambia. Uchungu umeanza lini?"

"Tangu asubuhi. Unakuja, unaacha."

"Mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Basi bado una nafasi. Sikiliza." Akanishika kifundo cha mkono. "Mwambie binti yangu alete glasi. Nitakunywa kwa mkono wake. Ukisikia nimesema tamu, beba begi lako uende, usitazame nyuma. Mengine nitayamaliza na mwanangu mimi mwenyewe."

"Utamwambia ukweli?"

"Nitatafuta siku."

Nilitaka kumwambia siku ya ukweli haitafutwi. Lakini mimi nilikuwa nataka geti, na mwenye kutaka geti hafundishi watu maadili. Nikanyamaza. Naliandika hapa kama lilivyokuwa.

Nilimkuta Kamanda uani, anakamua shati lililokamuliwa.

"Wifi, mama anakuomba umletee glasi. Wewe mwenyewe. Amesema kwa jina lako."

Shati likamdondoka. "Mimi?"

"Wewe."

Aliingia jikoni karibu anakimbia. Nikamfuata. "Kaa mbali," akasema, lakini kwa upole. "Hii ya leo naitengeneza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Usiguse hata kijiko."

Sharubati ilikuwa imekwisha kwa yale majaribio yetu. Akafungua friji, akatoa nusu ya nanasi. Akakata vipande, akavitia kwenye mashine ya kusagia. Vibichi.

Mdomo wangu ulifunguka. Nikaufunga.

Kulichemsha nanasi na kulipoza ni kazi ya muda mrefu, na huko alikokuwa mdogo wangu muda ulikuwa unapita. Nikamtazama anavyoinamisha glasi, anavyomimina soda kwa ubavuni, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayechora. Povu likapanda likatulia juu kama kofia. Kwa macho ilikuwa glasi nzuri kuliko zote.

Alipofika kitandani alichelewa kidogo kumpa. Alikuwa anatafuta maneno.

"Mama," akasema. "Nimejaribu."

Mama Mkunga akaipokea. Akanywa funda la kwanza, na mimi niliyekuwa mlangoni niliuona uchungu ukimfika. Misuli ya shingo ilikaza. Jicho likamtoka chozi. Akameza. Akanywa la pili, la tatu, hadi yakabaki mafunda mawili matatu chini ya glasi.

"Tamu," akanong'ona. "Tamu sana, mwanangu."

Sijawahi kuona mtu akianguka bila kuanguka, isipokuwa Kamanda siku ile. Alikaa sakafuni pale pale, kichwa kwenye godoro, mabega yakaanza kutikisika.

"Nilidhani unanichukia," akasema. "Siku ile watu walipokuja kuniambia umelala barabarani, umegongwa na pikipiki, nilikimbia bila viatu. Njia nzima nilikuwa najua nakuta maiti. Mama, mimi sikufungii kwa ubaya. Nikiufungua mlango naiona ile barabara."

Mkono wa Mama Mkunga ukashuka kichwani kwake, ukabaki hapo. Mama akanitazama juu ya kile kichwa. Macho yake yalikuwa yanasema nenda, na yalikuwa yanasema kingine pia, ambacho sikutaka kukisoma.

Kamanda akainuka, akafuta uso kwa kiganja. Akanikabidhi ufunguo mwenyewe.

"Nenda, wifi. Nenda kwa mdogo wako. Na unisamehe."

Nisamehe! Mimi niliyeficha la koo, nikaficha na la nanasi. Nikaupokea ufunguo kama mwizi anayepewa zawadi.

Begi lilikuwa tayari. Nikapita sebule, nikapita kibaraza, nikafika getini. Kufuli likafunguka kwa mlio mdogo. Nikavuta geti, hewa ya mtaani ikanipiga usoni, nikaweka mguu mmoja nje.

Honi ya lori ikalia.

Likaja limejaa njia nzima, likasimama mbele yangu kwa kishindo. Mume wangu akaruka chini, uso umemwiva kwa furaha.

"Mke wangu! Si nilikwambia nitaona la kufanya? Nilikuwa napita mji ule ule anaokaa mdogo wako. Umesema wewe huwezi kwenda kwake, basi nimekuletea yeye!"

Nikatazama juu. Mdogo wangu alikuwa ndani, kwenye kiti cha mbele, jasho linamtiririka, ameng'ang'ania mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Dada," akasema. "Chupa imepasuka."

"Umemtoa kwake?" nikamgeukia mume wangu. "Kwake hospitali iko mtaa wa pili! Hapa hospitali iko upande wa pili wa mji!"

Furaha ikamtoka polepole, kama hewa kwenye tairi. "Hukuniambia hilo," akasema.

Ndipo mdogo wangu akapiga ukelele. Haukuwa wa maumivu tu, ulikuwa wa mwili unaosukuma bila kuomba ruhusa.

Na nyuma yangu, kwenye kibaraza, mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

Mama Mkunga alitoka miguu mitupu. Hakushikwa kwapani na mtu. Alishuka ngazi, akavuka ua kwa mwendo wa askari, akapanda lile lori kama msichana, anapiga kelele mtaa mzima usikie:

"Asisukume! Mwambieni asisukume! Pumua, mwanangu, pumua kwa mdomo!"

Akamkagua kwa dakika ambazo kwangu zilikuwa kama mwaka. Akatoa kichwa dirishani.

"Hospitali hatufiki. Mtoto yuko mlangoni, na ametanguliza matako. Nataka kitanda changu, maji ya moto, shuka safi, mkasi uliochemshwa. Sasa hivi! Siwezi kumpokelea mtoto kwenye kiti cha lori!"

Nikageuka kukimbilia ndani. Sikufika.

Kamanda alikuwa amesimama mlangoni. Ile glasi bado ilikuwa mkononi mwake, na yale mafunda yaliyobaki hayakuwemo tena. Alikuwa anamtazama mama yake aliyeko juu ya lori.

"Mama unatembea," akasema.

Macho yake yakapanda kutoka miguuni hadi mdomoni mwa mama yake.

"Mama, sauti yako."

"Mwanangu, nipishe, nitakueleza baadaye," Mama Mkunga akasema. "Huyu hana muda."

Kamanda akanigeukia mimi. Utulivu wake uliniogopesha kuliko makelele yote ya miezi ile.

"Ulijua?"

"Nimejua leo, wifi. Naapa, leo tu."

"Leo." Akalitafuna neno. "Kabla ya glasi, au baada ya glasi?"

Ningeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa amenipa ufunguo kwa mkono wake, akaniomba na msamaha.

"Kabla," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Akarudi ndani hatua moja. Mlango ukafungwa. Nikasikia ufunguo ukizunguka, halafu komeo la juu, halafu la chini.

"Wifi! Wifi, fungua!"

Mume wangu akaruka kwenye madirisha. Yote yana nondo. Kamanda alizitia mwenyewe. Tukambeba mdogo wangu hadi kibarazani, tukamlaza juu ya kanga yangu kwenye saruji baridi. Mama Mkunga akapiga magoti kati ya miguu yake, mikono inafanya kazi, kichwa kimegeukia mlangoni.

"Fungua, mwanangu! Usimwadhibu huyu kwa kosa langu!"

Miezi yote ile nilikuwa naomba mlango ule ufunguke nitoke. Sasa nilikuwa naugonga kwa ngumi zote mbili niingie.

Kisha sauti ya Kamanda ikaja kutoka upande wa pili wa ubao, karibu sana, kana kwamba amebandika shavu hapo. Hakuwa analia.

"Nitafungua. Maji nimeshabandika jikoni. Lakini nimeonja masalio ya glasi ile, mama. Nataka uniambie kwa sauti yako mwenyewe, hiyo uliyokuwa unaificha. Ilikuwa tamu, au ilikuwa chungu?"

Mdogo wangu akanishika mkono, akaminya mpaka mifupa ikalia. Mume wangu akageuka. Mimi nikageuka.

Mama Mkunga alikuwa ameinua uso, damu mikononi, mdomo wazi, na hakuna neno lililokuwa linatoka.